Papa, Mlima Wako Bado Unaitwa Fujo

Papa wangu,

Walitaka nikwangue neno lako. Naanza na hilo kabla hata ya salamu kwa sababu nakujua: ungeniuliza habari za Mama, na mvua, na kama nimekula, na barua ingeisha bila kufika kwenye jambo. Mama yupo, mguu wake umepungua kuvimba. Mvua imenyesha ya kutosha. Nimekula. Sasa nisikilize. Ule ubao wako, ule uliouchonga kwenye mlango wa kabati, wenye mlima juu na neno FUJO chini yake, watu wa maonyesho walinipa siku saba nifikirie. Ama neno litoke, ama chapa yangu, picha niliyoichapa kwa ubao huo, isitundikwe.

Na hayo si maonyesho ya kina mama wa kanisa, Papa. Ni ukumbi wa kweli huku Berea, kuta nyeupe pee, taa ndogo zinazomulika kila picha peke yake, watu wanaotembea na glasi mkononi na kuinamisha vichwa. Mimi Faida wako, ninayesuka nywele za watu kutwa mpaka vidole vinakufa ganzi, nimeitwa humo niwe msanii. Ungevaa koti lako la kahawia. Na joto lote hili la Durban, ungelivaa na kulifunga vifungo vyote.

Barua hii naiacha wazi, kila mwenye macho aisome, kwa hiyo lazima niwaeleze wewe ni nani. Usikasirike nikikusimulia mambo yako mwenyewe. Ulikuwa seremala. Kule Goma ulikuwa na atelie yako, karakana kamili, na nusu ya milango ya mtaa wetu ilipita mikononi mwako. Kisha volkano ikashuka mjini, lava ikaingia atelie bila hodi na kukaa humo mpaka leo. Ukaanza upya, vita vikaja. Tukafika Durban, na hapa hakuna aliyekuuliza unajua kutengeneza nini. Ulipewa fulana ya njano inayong'aa na uwanja wa kuegesha magari nyuma ya duka, na wewe ambaye hujawahi kushika usukani ukawa unawaelekeza watu wenye leseni namna ya kurudi nyuma. Ulifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Uliifanya vizuri.

Pale uwanjani ndipo mlima ulipotukuta. Kulikuwa na mzee mmoja Mzungu aliyeishi peke yake kwenye ghorofa ya jirani, gari lake la kijani umelilinda miaka. Alikuwa anahama, anawafuata watoto wake ng'ambo, akakuomba umsaidie kuteremsha meza. Wewe hukuibeba meza. Uliipapasa kwanza. Ulipiga magoti ukaichungulia chini, ukamwambia imeunganishwa bila msumari hata mmoja, na aliyeitengeneza alikuwa mtu mwenye subira. Mzee akakutazama, akaingia chumbani, akatoka na jalada kubwa la kadibodi. "Wewe unaujua mti," alikwambia kwa Kiingereza chake. "Hizi nazo ni mti."

Ulikuja nalo nyumbani umelikumbatia. Ndani mlikuwa na karatasi nane, picha za Kijapani, na kila moja ilikuwa na mlima uleule: mweupe kichwani, mabega yameteremka pande zote mbili sawasawa. Nyuma ya karatasi ya kwanza mzee alikuwa ameandika kwa penseli, na mwandiko wake ulikuwa wa ajabu, nukta ya herufi i aliizungushia duara kubwa. Ukavaa miwani yako yenye kioo kimoja kilichopasuka. Ukasoma kwa sauti, kama katekista: "Mount... Fujo." Kisha ukainua kichwa umefurahi kabisa. "Mulima Fujo! Kumbe Bajapone nabo bako na mulima ya fujo, sawa na siye!"

Mimi nilikuwa darasa la tisa hapa, mjuaji wa kila kitu. Nikakwambia, "Papa, ni Fuji. Tumeusoma shuleni. Mlima Fuji." Hukutetereka hata kidogo. "Fuji njo nini?" ukaniuliza. "Fuji haina maana. Fujo iko na maana. Mulima yenye kutapika moto, weye utaiita namna gani?" Mama akasema mwachie baba yako mlima wake. Kuanzia siku ile nyumbani kwetu haukuitwa kitu kingine.

Naandika hili waziwazi kwa sababu ndipo penye ugomvi. Wanasema ni kosa la tahajia. Nami najua ni kosa! Nililijua kabla yao, nikiwa na umri wa miaka kumi na mitano, na sare ya shule bado mwilini. Lakini kuna makosa ambayo mtu akiyasahihisha anabaki hana kitu.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuzitazama? Mimi niliona rangi: ile buluu, ule wekundu kidogo wa asubuhi. Wewe ulichukua kidole changu gumba ukakiweka juu ya anga, pale palipoonekana patupu. "Angalia muzuri. Hii si rangi, hii ni mbao." Na kweli, ndani ya ile buluu kulikuwa na mistari myembamba iliyokwenda kwa mawimbi, mishipa ya mti wenyewe, imepita kwenye rangi ikaingia kwenye karatasi. Mtu alikata mti kule Japani, akauranda, akauchonga, akaupaka rangi, akaubandikia karatasi, na mti ukaacha alama yake. Ulihesabu rangi, ukaniambia, "Hapa batu balichonga mbao tano, kila rangi na ubao wake." Nikasema unajuaje. Ukasema ungekuwa wewe ungefanya hivyo. Miaka mingi baadaye nilisoma mahali nikakuta ulisema kweli.

Na kile kimuhuri chekundu cha mraba pembeni! Ulikicheka mpaka machozi. Sisi tulikuwa tumetoka ofisi ya makaratasi wiki hiyohiyo, tumepanga foleni toka alfajiri, tumeambiwa turudi baada ya miezi sita. Ukagonga ile alama na ukucha. "Uone, hata mulima iko na tampo! Na hakuna mutu anaiambia irudi kesho."

Lakini kilichokushika zaidi ni watu. Katika zile karatasi nane mlima ulikuwa mdogo, uko nyuma, na mbele kulikuwa na watu na shughuli zao. Wanawake wanaosha figili mtoni. Wanaume wanavuka daraja mvua imewapiga, wamejikunyata chini ya kofia za majani. Mmoja yuko juu ya paa anapigilia vigae. Ulizipanga zote nane kitandani ukazitembelea moja moja, mikono nyuma. "Hakuna mwenye anaangalia mulima," ulisema. "Moto iko pale ndani, banajua, na kila mutu iko na kazi yake. Habakimbie." Ulirudia hilo neno la mwisho mara mbili. Sikukuelewa. Nilidhani unazungumzia Wajapani.

Kisha ukaanza wazimu wako. Uliokota ubao wa paleti la mizigo kule karibu na bandari, ukauranda, ukachonga mlima na maneno MLIMA FUJO chini kwa herufi safi za seremala. Tukatengeneza wino: masizi ya sufuria na uji mwepesi wa wali. Tukapaka, tukalaza karatasi, ukaisugua na mgongo wa kijiko. Ulipoibandua, Mama alicheka akashika ukuta asianguke. Iliandikwa OJUF AMILM. Umeujua mti maisha yako yote, Papa, ila hukukumbuka kwamba mti unasema kinyume! Nawe ukakaza uso: "Ni Kijapone hii. Banasoma toka upande ule." Mama alikuita Papa Ojuf miezi mitatu, hata mbele ya wageni.

Mara ya pili hukutaka paleti. Ulipata mlango wa kabati la zamani uliotupwa karibu na robot, zile taa za barabarani, mbao ngumu nyekundu, ukaubeba kichwani mpaka ghorofa ya nne. Visu ulivitengeneza kwa vipande vya msumeno wa chuma, ukavinoa kwenye kinoo Jumamosi nzima. Mlima uliuchora kwenye karatasi ya mkate, ukaipaka mafuta ya kupikia ili ionekane upande wa pili, ukaigeuza, ukaigandisha juu ya ubao. Jumapili nne baada ya ibada ulikaa dirishani ukichonga, na mimi nikakufagilia vumbi. Kwenye mkia wa J kisu kiliteleza kidogo, ndiyo maana mpaka leo J yako imepinda. Hukutaka kuirekebisha. Ulisema mkono wa mtu lazima ujulikane.

Sehemu ya mbele, kati ya mlima na neno, uliiacha tupu. Nilikuuliza mbona hujamaliza. "Hapa ni pa batu," ulinijibu. "Utabaweka weye."

Sasa nifike kwenye geti la kliniki. Nimezunguka vya kutosha.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, vidonge vyako vya presha vimekwisha, tukaenda kliniki kama tulivyozoea. Sitaandika ni kliniki gani. Wa hapa wanaijua, na ziko nyingine zenye geti kama lile. Nje walisimama wanaume watatu na mwanamke mmoja, hawakuwa wauguzi, hawakuwa polisi, walivaa tisheti zinazofanana, na kila aliyefika walimwomba kitambulisho. Wewe ulitoa karatasi yako ya hifadhi kwenye plastiki yake, ukaikunjua taratibu kwa vidole viwili kama siku zote. Yule wa mbele hakuipokea. Alisema hiyo si ID. Alisema nenda ukatibiwe kwenu. Kupitia dirishani niliwaona manesi ndani, na nesi mmoja alituona, akainamia daftari lake. Waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni walitazama viatu vyao.

Nilifungua mdomo. Kizulu changu cha saluni kinatosha kumpasha mtu mpaka aende kumwuliza mama yake maana yake. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Nawe ukasema, polepole, bila kunigeukia: "Faida. Tusifanye fujo. Twende."

Tukaenda. Alhamisi tukarudi, wakatugeuza. Wiki iliyofuata tena. Mara zote tatu nilinyamaza kwa sababu uliniambia. Siku ya kumi na tisa bila vidonge ulianguka bafuni, na nilipokuinua, upande mmoja wa mdomo wako ulikuwa umelegea. Hospitali kubwa walikupokea, siwezi kusema uongo. Daktari kijana wa Kihindi alihangaika na wewe mpaka jasho likamtoka. Ilikuwa imechelewa. Hukusema tena neno hata moja. Kwa hiyo maneno yako ya mwisho ya maana kwangu, Papa, yalibaki yale ya getini.

Na msibani! Mchungaji alisimama akasema, marehemu alikuwa mtu asiye na fujo. Watu wa uwanja wa magari wakasema, asiye na fujo. Hata mwenye nyumba alikuja na maua yake akasema hivyohivyo kwa Kiingereza. Niliing'ata leso yangu. Nilitaka kusimama katikati ya kanisa niwaambie: ndiyo, na ndicho kilichomuua.

Nilikukasirikia. Acha niseme, maana nimeficha muda mrefu na Mama anadhani ni huzuni. Nilikukasirikia kuliko wale wa tisheti. Wao sikuwatarajia kitu. Wewe uliyeuita mlima wa watu Fujo, uliyepita mbele ya kitanda ukisema habakimbie, habakimbie, wewe ndiye uliyenishika ukanirudisha nyumbani na kuniambia ninyamaze. Miezi kadhaa sikuutazama ubao wako. Ulikaa nyuma ya kabati, uso ukutani.

Kisha Jumapili moja nikautoa, nikachukua visu vyako. Nilitafuta ubao mwingine wa ukubwa uleule, nikachonga watu.

Sikuchonga wanawake wa figili. Nilichonga foleni. Nilichonga geti, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, bibi mwenye fimbo, wale wa tisheti, na mbele kabisa wewe na fulana yako ya njano. Rangi nilipata ileile ya kwetu: masizi kwa ubao wako, na kwa wangu ile buluu ya kufulia mashati meupe, na uji wa wali; fulana yako nikaipaka bizari kwa mkono. Ubao wako ukichapwa kwanza na wangu juu yake, mlima unasimama nyuma ya kliniki, mkubwa, kimya, na hakuna mtu kwenye foleni anayeutazama. Na chini yao wote, FUJO.

Chapa ya kwanza iliyotoka sawa niliibandika saluni, juu ya kioo changu. Hapo ndipo Daktari alipoiona. Si daktari wa sindano. Ni Mkenya, mwalimu wa sanaa chuoni, alikuja kusukwa mtindo wa twende kilioni. Nilimsuka saa tatu, na saa zote tatu alitazama pale juu ya kioo. Mwishoni akauliza, "Nani amechonga hii?" Nikasema mimi na marehemu baba. Akasema, "Wewe, unajua hiki ni kitu gani umefanya?" Nikasema najua. Ni mama mzuri, Papa. Ungempenda, ila mngegombana.

Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye maonyesho, na yeye ndiye aliyepigiwa simu na kamati, na yeye ndiye aliyetumwa kuniambia. Alikuja saluni akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani.

"Faida, mimi sipingani nawe," alisema. "Lakini nielewe. Kwanza mlima unaitwa Fuji, kila mtu anajua, watasema msanii hajui jina la kitu alichochora. Hilo dogo. Pili, wataomba tafsiri. Wakitafsiriwa, wanasoma 'fujo' chini ya picha ya wakimbizi, na unajua hali ilivyo mjini. Watu watasema, ona, wenyewe wamekiri wanaleta fujo. Wengine watasema kliniki imesingiziwa. Hii kazi yako ni nzuri mno isiharibiwe na neno moja."

Nikamwambia neno limechongwa na baba yangu. Haliko kwenye kompyuta, haliko kwenye karatasi. Kulitoa ni kuchukua patasi na kuutoa mkono wake kwenye mti.

Akainua macho kwenye chapa juu ya kioo. Kisha akasema, kwa upole wa kweli, na huo upole ndio uliokuwa na hatari: "Basi usiuguse ubao. Tutaweka fremu yenye kadibodi pana, ifunike pale chini. Neno litakuwepo, ila halitaonekana. Hakuna atakayejua."

Nitakuambia ukweli: nilishawishika. Kwanza nimechoka. Pili nilitaka zile kuta nyeupe. Nilikata kadibodi ya boksi la nywele bandia, nikaenda nayo nyumbani nikaiweka juu ya chapa, nikasogea nyuma. Nikaona mlima mzuri. Nikaona watu wamepanga mstari chini yake, wametulia, wana adabu, kama wanaosubiri teksi ya kwenda kanisani. Hakuna lililotokea. Hakuna aliyegeuzwa. Wewe ulikuwa mzee mmoja wa fulana ya njano anayepunga hewa.

Mama alikuja akasimama pembeni yangu, akatazama na yeye. "Acha hiyo karto pale, mwanangu," akasema. "Baba yako angeiweka."

Na hapo ndipo nilipokata shauri, kwa sababu Mama alisema kweli. Ungeiweka. Ungeipima kwa rula, ungeikata vizuri kuliko mimi, ungefunika neno lako mwenyewe na kusema tusifanye fujo. Nimekutii mara tatu pale getini, Papa. Ya nne sikutii. Niliichana ile kadibodi vipande vinne, Mama akasema, "Weye na baba yako mutaniua," akaenda kuinjika bugali.

Nilimpigia Daktari. Nikamwambia neno linabaki, lionekane lote, hadi mkia uliopinda, au nije nichukue chapa yangu, na hatutachukiana. Alivuta pumzi ndefu. Nikamsikia anatembea chumbani kwake huku na huku. Mwishowe akasema, "Sawa. Nitapambana na kamati. Lakini mimi sitakutetea mbele ya wageni, utajitetea mwenyewe. Utasimama pale pembeni ya hiyo picha, na kila atakayeuliza, utamjibu wewe." Nikamwambia sharp, yaani sawa.

Nilisema sharp, kwa mdomo tu. Unajua Kiingereza changu kikiona watu wenye mvinyo kinavyokimbia.

Lakini kuna jambo moja sijakuambia, na ndilo lililonisimamisha. Nilipokuwa nachonga ubao wa watu nilikwama kwenye mikono yako. Mkono wa kulia nilijua: ulishika karatasi ya hifadhi, umeinyoosha kwa yule mtu. Wa kushoto sikuukumbuka. Nilichora ukining'inia, haukukaa. Nilichora mfukoni, haukukaa. Ndipo nikafumba macho nikarudi pale getini kwa nguvu, nikausikia. Mkono wako wa kushoto ulikuwa nyuma yako, umenibana kifundo cha mkono wangu, umenivuta mgongoni pako ambapo wale watu hawangenifikia bila kupita kwako. Siku zote tatu ulinishika hivyo, na siku zote tatu sikukumbuka ila maneno. Hukuogopa wakutukane wewe, uliogopa nifungue mdomo wanipige mimi. Niliuchonga mkono ule kama ulivyokuwa. Nilichonga na mimi, kipande tu, bega na sikio, nyuma yako.

Kwa hiyo Jumamosi saa tisa alasiri nilikuwa pale, gauni la kitenge, viatu vya Mama. Chapa ilikuwa kwenye fremu nyembamba, neno lote nje. Watu walipita. Wengine walisoma kikadi wakaenda. Bwana mmoja wa kamati alinipita mara mbili bila salamu. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwa furaha kwamba nimekosea, ni Fuji, nami nikamwambia ahsante, asome upya kwa Kiswahili.

Kisha akaja bibi wa Kizulu, mrefu, kofia ya zambarau, anatembea bila haraka. Alisimama mbele ya foleni yangu muda mrefu kuliko wote. Aliwatazama wa tisheti, akatazama geti, akamtazama mwanamke mwenye mtoto. Akaniambia alikuwa nesi miaka thelathini. Akaweka kidole karibu na neno lako, bila kuligusa, akaniuliza maana yake.

Nilimwambia yote, Papa. Kwa Kiingereza kilichovunjika, na Kizulu pale kilipovunjika zaidi. Nilimwambia ni jina ambalo baba yangu aliupa mlima kwa kukosea, na hakutaka kusahihishwa. Nilimwambia ni kitu ambacho tumeambiwa tusikifanye toka siku tulipofika. Nikamwonyesha fulana ya njano, nikasema huyu ndiye baba, na hapa ndipo walipomgeuza mara tatu, na mimi huyu hapa nyuma nilinyamaza. Sauti yangu ilipanda bila mimi kujua. Watu walikuwa wamegeuka, Daktari alikuwa amesimama mlangoni na mkono mdomoni, na yule bwana wa kamati alikuwa anakuja.

Bibi alitikisa kichwa pole pole. "Eish, mtoto wangu," akasema kwa Kizulu, ila neno lako alilisema kwa Kiswahili, neno lake la kwanza la lugha yetu, kwa uangalifu kama mtu anayeonja: "Hii italeta fujo."

"Yebo, Gogo. Ndiyo, Bibi," nikamjibu. "Ndilo jina lake."

Pumzika, Papa. Hasira yangu kwako imekwisha. Zile nyingine bado ninazo.

Mwanao wa kwanza,
Faida